Azimio, andalio na korosho 400: kujiandaa kwa BTP (mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wa ualimu) Mtwara na Lindi

Mkufunzi wa chuo akija kukukagua, hasomi andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja) peke yake. Anaanza na azimio la kazi (mpango wa mada wiki kwa wiki), anashuka hadi andalio la leo, halafu anaomba daftari la mtoto aliyekaa nyuma kabisa. Mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, naye hupita njia hiyohiyo. Vitatu hivyo vikipishana, hata ufundishe vizuri namna gani, maswali hayaishi.

Kwa hiyo anza na muhtasari wa somo (silabasi) ulio sahihi. Mitaala iliyoboreshwa ilianza Januari 2024 kwa Awali, darasa la I, la III na kidato cha I cha mkondo wa amali (ufundi), na madarasa mengine yanafuata kwa awamu. Shule moja ya Newala au Ruangwa inaweza kuwa na mihtasari ya zamani na mipya kwa wakati mmoja. Muulize mwalimu wa taaluma darasa lako liko wapi. Wanaonakili azimio la mwanachuo wa mwaka jana hukamatwa kwenye safu ya rejea: umahiri wa zamani, kitabu cha kiada kipya.

Kisha hesabu vipindi. Tuseme una wiki 8 zenye vipindi 5 kila moja, yaani 40. Toa wiki ya mitihani, vinabaki 35. Toa 3 vya sikukuu na michezo. Panga mada kwa vipindi 32, si 40. BTP ikiangukia msimu wa korosho, kati ya Oktoba na Desemba, mada ngumu ziweke mapema, maana watoto wengine watakuwa shambani na wazazi.

Kwenye andalio, angalia muda. Kipindi cha darasa la I na la II ni dakika 30. Kuanzia la III ni 40. Ukibeba kiolezo cha dakika 40 kuingia nacho darasa la I, kengele italia kabla hujapima chochote. Lengo mahususi liwe la kupimika: "Kila mwanafunzi aweze kupanga namba za tarakimu mbili katika makumi na mamoja, angalau 4 kati ya 5 kwa usahihi." Neno "aelewe" liache, hulipimi kwa lolote. Idadi ya waliohudhuria ijaze baada ya kuita majina. Andalio likisema 62 na darasani wamekaa 48, ni wazi uliijaza usiku.

Zana za somo hilo huku Kusini hazinunuliwi dukani. Kwa watoto 48, gawa makundi 8 ya watoto 6. Kila kundi lipewe korosho 50 kavu zenye ganda na vifuu 5 vya nazi. Jumla ni korosho 400, kama kilo 2 hivi. Kila korosho 10 ziwekwe kwenye kifuu kimoja. Namba 34 ni vifuu vitatu vyenye kumi kumi na korosho nne juu ya dawati, na mtoto aione kabla hujaiandika ubaoni. Usilete maganda yaliyobanguliwa, na korosho yoyote iliyopasuka itoe: mafuta ya ganda yanababua ngozi, na vidole hivyo havichelewi kufika machoni. Waambie pia wasizing'ate.

Utangulizi ni dakika 5. Wimbo ukinoga unafika 12, na zinazoliwa ni dakika za tathmini.

Sehemu ya tathmini ndiyo wengi wanaiharibu. "Somo limeeleweka" ni maneno matupu. Andika: "38 kati ya 48 wamepata 4 au 5. Watoto 10 wanachanganya 34 na 43. Kesho dakika 8 za kwanza kwa vifuu, kundi hilo mbele." Andalio la kesho nalo lianze na dakika hizo 8, maana mkufunzi atafunua ukurasa unaofuata kuzitafuta.