Kukokotoa kivuli cha upepo kwa kanuni ya Jensen

Mwaka 1983 Niels Otto Jensen, mtafiti wa maabara ya Risø nchini Denmark, aliandika waraka mfupi wa kiufundi kuhusu namna mtambo mmoja wa upepo unavyoupunja mwenzake ulio nyuma: huacha nyuma yake upepo uliopungua kasi, nao ndio tunaouita kivuli. Hadi leo nikiletewa mchoro wa shamba la upepo, naanza na kanuni yake kabla sijawasha programu yoyote. Wanaopima athari ya utafiti huhesabu nukuu. Mimi athari ya Jensen naiona katika zile mita zinazoachwa kati ya nguzo na nguzo. Chukua kikokotoo, uione mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika namba zako

Tutatumia vipimo vinavyolingana na vya Horns Rev 1, shamba la mitambo 80 baharini, magharibi mwa Denmark. Kipenyo cha duara la mapanga ni mita 80, hivyo nusu kipenyo (r) ni 40. Umbali kati ya mitambo (x) ni mita 560, yaani vipenyo 7. Kasi ya upepo tuiweke mita 10 kwa sekunde, na namba ya msukumo (Ct), yaani kipimo cha jinsi mapanga yanavyouzuia upepo, 0.8. Hii ya mwisho huisoma kwenye jedwali la mtengenezaji, na hubadilika kasi inapobadilika.

Namba ya tano ndiyo yenye ubishi: k, kiwango cha kutanuka kwa kivuli. Kwa mazoea tunaweka 0.075 nchi kavu na 0.05 au 0.04 baharini. Juu ya maji hewa haina misukosuko mingi, kwa hiyo upepo uliochoka huchelewa kuchanganyika na upepo mpya unaopita pembeni.

Hatua ya 2: Tafuta upana wa kivuli

Jensen alikichukulia kivuli kuwa na umbo la koni linalotanuka kwa mstari ulionyooka; nusu ya upana wake ni:

r + kx = 40 + (0.05 × 560) = mita 68

Hatua ya 3: Tafuta upungufu wa kasi

Upungufu = (1 − √(1 − Ct)) × (r ÷ (r + kx))²

Sehemu ya kwanza: 1 − √0.2 = 0.553. Sehemu ya pili: (40 ÷ 68)² = 0.346. Zizidishe, upate 0.191. Mtambo wa nyuma basi unapata upepo wa mita 8.09 kwa sekunde badala ya 10.

Jensen mwenyewe hakutumia Ct. Alianzia kwenye hali bora aliyoionyesha mwanafizikia Mjerumani Albert Betz, ambamo upepo huachwa na theluthi moja tu ya kasi yake. Ct iliingia baadaye ili kila mtambo uhesabiwe kwa tabia yake.

Angalia sana hiyo r. Siku zangu za mwanzo niliweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, upungufu ukapanda hadi 0.30, nami nikashinda mchana kutwa nikilaumu data ya upepo.

Hatua ya 4: Geuza kasi kuwa nguvu

Hapa ndipo wengi huteleza. Kasi imepungua kwa 19%, lakini nguvu hufuata kasi mara tatu kwa kuzidishana: 0.809 × 0.809 × 0.809 = 0.53. Karibu nusu ya nguvu imepotea! (Hesabu hii inafaa mtambo ukiwa chini ya uwezo wake wa juu. Ukishafika juu, upepo wa ziada humwagwa tu, na kivuli hakiumi sana.)

Rudia kwa k ya 0.075 utapata 0.65. Namba moja ndogo, tofauti ya asilimia 12 za nguvu.

Hatua ya 5: Ongeza mtambo wa tatu

Usijumlishe upungufu moja kwa moja. Kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1986 na Katic, Højstrup na Jensen, unajumlisha miraba ya upungufu kisha unatafuta kipeuo cha pili. Mtambo wa kwanza, ulio mita 1,120 mbele ya huu wa tatu, unauletea upungufu wa 0.096; wa pili, 0.191. Jibu ni 0.214, na nguvu iliyobaki ni 0.49.

Kutoka 0.53 hadi 0.49 tu. Vipimo vya Horns Rev vinaonyesha sura hiyohiyo: anguko kubwa ni kati ya safu ya kwanza na ya pili, baada ya hapo mteremko ni mdogo.

Hatua ya 6: Pima kwa mwelekeo

Hasara hii hutokea upepo unapopita sambamba na safu. Kwa mfano wetu, kitovu cha mtambo wa pili kimo kivulini ndani ya nyuzi 7 hivi kila upande. Kokotoa kila mwelekeo kivyake, kisha uzidishe kwa sehemu ya mwaka ambayo upepo huvuma kutoka huko. Lahajedwali linatosha.

Pa kusimama

Chini ya vipenyo vitatu au vinne usiiamini kanuni hii. Pia inaufanya upungufu uwe sawa kutoka ukingo hadi ukingo, ilhali kivuli halisi ni kizito katikati na chepesi pembeni. Ukihitaji umbo hilo, nenda kwenye modeli ya mwaka 2014 ya Majid Bastankhah na Fernando Porté-Agel, inayofuata mkunjo wa kengele. Mimi huzikokotoa zote mbili, na zikipishana sana narudi kwanza kwenye k.