Gunia la mboga: usisahau nguzo ya kokoto

Unaishi mjini na huna hata kipande cha ardhi? Gunia moja lililosimama linatosha kukupa mboga za majani. Ila litazaa tu kama maji yanafika ndani, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Chukua kopo kubwa, ondoa kitako, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze kokoto. Zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kisha vuta kopo juu taratibu, kokoto zibaki. Jaza tena, vuta tena, mpaka karibu na mdomo wa gunia. Sasa una nguzo ya mawe inayoshuka hadi chini, na maji unayomwaga juu yake yanasambaa hadi kwenye mizizi ya kila tabaka. Bila nguzo hiyo udongo wa juu unakuwa tope, wa katikati unabaki mkavu, na miche uliyoipanda kwenye matundu ya ubavuni mwa gunia inanyauka hata ukimwagilia kila siku.

Matundu ya ubavuni yapishane, na yawe madogo. Makubwa yanamwaga udongo. Gunia lililowahi kubeba kemikali usilitumie kabisa.

Kama ni kwenye roshani, tafadhali fikiria uzito kwanza: lita 1 ya udongo uliolowa inaweza kufika kilo 1.5 au zaidi. Hapo ni salama zaidi kutumia chupa za plastiki zilizokatwa ubavu na kutobolewa chini, ukazining'iniza kwa kamba imara.