Ovahoo au injini nyingine? Namna ya kuamua kwa vipimo

Mwongozo huu wa kuchagua kati ya ovahoo (kuifungua injini yako na kuitengeneza upya) na injini nyingine ni kwa mwenye gari la miaka mingi ambalo injini yake imechoka, au ambaye ameambiwa imechoka. Nasema "ameambiwa" kwa sababu ndivyo nilivyomkuta shemeji yangu: fundi alishamshauri atafute injini nyingine, na hakuna aliyekuwa ametoa hata plagi moja kupima. Bei za injini alizijua zote, vipimo hana hata kimoja. Mimi huanza na vipimo, pesa nazungumza mwisho, maana kabla ya kujua hali ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hujui unalinganisha nini na nini.

Hatua ya 1: Litazame gari lenyewe

Ingia chini ya gari na tochi. Kama chasi imeoza kwa kutu pale inaposhika saspensheni, ishia hapa. Giaboksi ikiwa inateleza au inalia, iweke kwenye hesabu tangu sasa, maana injini yenye nguvu mpya huimaliza haraka.

Hatua ya 2: Moshi, oili na kelele

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, lakini angalia unatoka lini. Ukitoka kwa muda mfupi unapowasha gari lililolala, au unapokanyaga aksileta baada ya kukaa sailensa (injini inazunguka, gari limesimama) muda mrefu kwenye foleni, shuku sili za valvu. Ukitoka wakati gari linavuta mzigo au linapanda mlima, shuku ringi za pistoni na silinda. Kabla ya yote hayo, toa ile valvu ndogo ya kupumulia injini, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi ya hewa, uisafishe au uweke mpya. Ikiziba au ikikwama wazi, injini nzima itakula oili, na kifaa chenyewe kinaenea kiganjani.

Moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, mara nyingi ni gasketi ya hedi (kichwa cha injini chenye valvu) au hedi iliyopasuka. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, usiuhesabu kama uchakavu.

Ulaji wa oili upime, usikisie. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, kisha uongeze kwa chombo chenye vipimo. Watengenezaji wengi huvumilia hadi karibu lita moja kwa umbali huo. Mimi siivumilii, lakini peke yake haitoshi kunifanya nifungue injini.

Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaofuata mwendo wa injini na kuongezeka ukikanyaga, ni beringi. Zima gari na usiliwashe tena mpaka uamue. Kila dakika linayozunguka hivyo, krenki ambayo ingeweza kusagwa inakaribia kuwa chuma chakavu.

Hatua ya 3: Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda)

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tumia geji inayofungwa kwa nyuzi kwenye tundu la plagi. Zile zenye ncha ya mpira za kushikilia kwa mkono sizitaki hata kwa kuazima. Mkono ukilegea kidogo hewa inatoka, na wewe unaandika namba ya uongo.

Washa injini ipate joto lake la kazi, kisha izime. Kama hedi ni ya alumini, iache ipoe kiasi kabla ya kugusa plagi, vinginevyo unaweza kuondoka na nyuzi za tundu. Toa plagi zote, maana ukiacha nyingine ndani stata inazungusha kwa shida na namba zinashuka. Kata mafuta na umeme wa koili. Funga geji, mwenzako akanyage aksileta hadi chini na apige stata mpaka sindano iache kupanda, yaani takriban migandamizo mitano au sita. Andika. Nenda silinda inayofuata, kwa idadi ileile ya migandamizo.

Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya bar 10 na 14, za dizeli kati ya 25 na 35. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ukiwa nyanda za juu, usishtuke namba ikiwa chini: usomaji hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Muhimu kuliko namba yenyewe ni silinda kulingana. Silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa.

Sasa mitego. Silinda zote zikisoma chini kwa usawa, usitangaze msiba. Kwanza angalia betri, maana stata ikivivia kila namba itakuwa ndogo. Pili, angalia kwa macho kama klapu ya hewa imefunguka kweli. Kwenye magari yenye aksileta ya umeme, fyuzi uliyochomoa inaweza kuwa ndiyo inayoiendesha klapu, na injini inanyonya hewa kupitia tundu dogo tu. Tatu, kama gari limepigwa stata sana bila kuwaka, petroli inakuwa imeosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi hazizibi vizuri mpaka oili irudi. Nne, taimingi, yaani valvu kufunguka na kufunga kwa kulingana na mzunguko wa krenki. Hii ndiyo iliyokuwa ya shemeji. Silinda zote zilikuwa chini, zimelingana, na gari halina nguvu. Tulibadilisha betri, tukabadilisha geji, alasiri yote ikaisha. Tulipotoa kava ya mbele na kulinganisha alama, mkanda wa taimingi ulikuwa umeruka jino. Mkanda mpya, kidhibiti chake kipya, kompresheni ikarudi. Injini ambayo ilikuwa inatafutiwa mrithi iko barabarani.

Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, na nyingine nzuri, shuku gasketi ya hedi imekatika katikati yao.

Silinda moja ikiwa chini, usikimbilie kutoa hedi. Pima kwanza uwazi wa valvu. Valvu iliyobanwa haikai sawasawa kwenye kiti chake, na kuirekebisha ni kazi ya fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) na uvumilivu. Uwazi ukiwa sawa, weka oili kiasi cha kijiko cha chai ndani ya silinda hiyo, zungusha kidogo, pima tena. Namba ikipanda sana, hewa ilikuwa inapitia kwenye ringi. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Lakini jaribio hili usilifanye kwenye dizeli. Nafasi ya mwako ni ndogo mno, oili yenyewe inapandisha namba, na ikizidi inaweza kupinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) kwa sababu haigandamiziki. Kwenye injini zilizolala, ambazo pistoni zake hutembea kushoto na kulia, oili hukusanyika upande mmoja, kwa hiyo jibu lake nalo halina uhakika.

Ukiwa na kompresa, kipimo cha uvujaji ni bora zaidi, na kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu ningechagua hiki. Weka pistoni juu kabisa kwenye mgandamizo, ingiza hewa, soma asilimia inayovuja. Chini ya 10 ni injini nzuri. Ikipita 20 kuna kazi. Halafu sikiliza. Hewa ikitokea kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ikitokea njia ya hewa ya kuingilia, ni valvu ya kuingizia. Ikitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa. Tahadhari: hewa inaweza kuisukuma pistoni na kuzungusha injini ghafla, kwa hiyo usiache spana kwenye bolti ya krenki wala mkono karibu na mikanda.

Kama ushahidi wote unaelekeza kwenye valvu au gasketi, huna haja ya ovahoo wala injini nyingine. Toa hedi, ipimwe unyoofu, isawazishwe, valvu zisagwe, sili mpya. Hatua zinazofuata si zako.

Hatua ya 4: Presha ya oili

Taa ya dashibodi huwaka presha ikiwa imekaribia kuisha, usiiamini. Toa sensa, funga geji ya kawaida, pima injini ikiwa moto. Kama kitabu hakipo, wengi hutumia kipimo cha psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Presha ikiwa chini huku oili ni sahihi na pampu nzima, beringi zimelegea.

Hatua ya 5: Fungua chini, peleka kwa fundi wa tena (mwenye mashine za kuchonga vyuma)

Ringi, silinda au beringi zikishathibitika, injini inatoka. Uamuzi bado. Sasa unapima vitu viwili, bloku na krenki, kwa sababu vingine vyote vinanunulika.

Silinda inapimwa kwa maikromita na geji ya kipenyo: juu, kati na chini, kila mahali kwa pande mbili. Uchakavu mkubwa huwa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Kucha yako ikikwama kwenye ukingo hapo, umeshapata jibu la nusu. Vitabu vingi huweka ukomo wa upembe (juu kupanuka kuliko chini) na uduara uliopotea kati ya milimita 0.05 na 0.10. Ukiwa ndani ya ukomo, kuhoni (kukwaruza kuta kidogo kwa mawe ya kusagia) na ringi mpya vinatosha. Ukivuka, inachongwa kupokea pistoni za ukubwa wa juu, kwa kawaida milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 zaidi.

Krenki nayo hupimwa kila shingo. Ikisagwa, inapewa beringi nene zaidi kwa hatua za namna hiyohiyo. Tazama juu ya pistoni na mgongoni mwa beringi za zamani: ukikuta namba kama 0.50 au 050, injini hii ilishachongwa zamani, na nafasi iliyobaki ni ndogo. Beringi ikiwa imezunguka ndani ya konrodi, konrodi nayo inahitaji kurekebishwa au kubadilishwa.

Siafiki ile kazi ya "weka ringi tu" bila kupima. Ringi mpya ni duara, silinda iliyoliwa imekuwa yai. Gari litarudi kutoa moshi na utalipia kufungua mara ya pili. Vilevile, silinda isichongwe kabla pistoni hazijafika mkononi. Silinda inachongwa kwa kufuata pistoni zilizopo, moja moja. Fundi anayesema ataanza kuchonga wakati bado unatafuta pistoni, mtafutie mbadala.

Ovahoo imefungwa njia ukikuta ufa au tundu kwenye bloku, krenki iliyopita ukomo wa mwisho wa kusagwa, pistoni za ukubwa wa juu zisizopatikana, au kuta za silinda za aloi ya alumini na silikoni, au zenye utando wa nikeli, ambazo karakana nyingi haziwezi kuzichonga. Jambo jingine ambalo halimo kwenye kitabu ni karakana yenyewe. Kama eneo lako hakuna fundi wa tena anayekukabidhi vipimo kwa maandishi, chagua injini nyingine hata kama bloku yako ni nzuri.

Hatua ya 6: Kama ni injini nyingine

Injini ya mtumba ni ya haraka, ila historia yake ni maneno ya muuzaji. Nikinunua, kava ya valvu lazima ifunguliwe mbele yangu. Tope jeusi lililoganda humaanisha oili haikubadilishwa, naondoka. Zungusha krenki kwa mkono mzunguko kamili. Toa plagi, chungulia silinda kwa kamera ya waya. Pima kompresheni ikiwa chini sakafuni, ukikumbuka kuwa injini baridi husoma pungufu kidogo.

Linganisha namba ya injini na herufi zake zote, hata ile ya mwisho. Injini mbili za jina moja zinaweza kutofautiana sampu (bakuli la oili la chini) kwa sababu moja ni ya magurudumu manne kuvuta, au viunganishi vya waya, au klapu ya hewa ya kebo dhidi ya ya umeme. Kontroli boksi na imobilaiza (kifaa cha kuzuia wizi) navyo viulize kabla ya kulipa. Usisahau kusajili namba mpya ya injini panapohitajika na sheria.

Kabla ya kuifunga, ikiwa bado nje, badilisha sili ya nyuma ya krenki, mkanda wa taimingi, pampu ya maji na themostati.

Injini iliyofanyiwa ovahoo kiwandani yenye dhamana ya maandishi ndiyo naipenda kuliko zote, bajeti ikiruhusu.

Hatua ya 7: Hesabu

Chora safu mbili. Upande wa ovahoo andika vipuri, kuchonga, ufundi, gasketi kamili, bolti mpya za hedi (nyingi hutumika mara moja tu), na siku gari litakapolala. Upande wa injini nyingine andika injini, usafiri, sili na mikanda, umeme wa kurekebishwa, usajili. Ongeza kila upande asilimia 20 kwa yasiyoonekana. Jumla ikizidi thamani ya gari hilohilo likiwa zima, uza kama lilivyo. Zikikaribiana, mimi nafanya ovahoo, kwa sababu najua kilichomo ndani.

Hatua ya 8: Kabla ya kuwasha

Tafuta kilichoiua ile ya kwanza. Rejeta iliyoziba itachemsha na hii pia. Kama beringi zilisagika, kipozea oili na njia za oili za tabo (kisukuma hewa kinachoendeshwa na ekzosi) zimejaa vumbi la chuma, na kipozea hicho hakisafishiki vya kutosha, weka kipya. Zungusha kwa stata huku mafuta na umeme wa koili vimekatwa, mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji, ndipo uwashe. Injini ya ovahoo isiachwe sailensa muda mrefu siku za mwanzo. Ipe mzigo wa wastani, badilisha mwendo mara kwa mara ili ringi zikae, na mwaga oili ya kwanza pamoja na chujio kati ya kilomita 500 na 1,000.