Kutumia Ekstensheni kwa Usalama Katika Chumba cha Kupanga

Vyumba vingi vya kupanga hapa Dar es Salaam vina soketi moja tu ya ukutani, nayo hutegemewa na televisheni, feni, jokofu dogo, pasi na chaja za simu za wote waliomo, hivyo ekstensheni haiepukiki. Kinachopaswa kueleweka ni kwamba kuongeza matundu hakuongezi uwezo wa soketi, kwa kuwa umeme wa vifaa vyote hupita katika plagi ile moja, ambayo kwa kawaida fyuzi yake ni ya ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230. Ikiwa ekstensheni yenyewe imeandikwa ampea 10, fuata hicho kiwango cha chini.

Soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, kisha ujumlishe. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja huvuka kiwango, na kwa kuwa fyuzi haikatiki papo hapo mzigo unapozidi kidogo, waya huendelea kupata moto bila mtu kujua. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba birika, pasi, jiko la umeme na hita ya maji vichomekwe ukutani moja kwa moja, kimoja kimoja, na ekstensheni iachiwe televisheni, feni, taa na chaja.

Baada ya nusu saa ya matumizi, gusa plagi. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa ni ya moto, zima swichi ya soketi kwanza, ndipo uichomoe na kuchungulia matundu. Ukiona wekundu wa kuungua au weusi pembeni mwa tundu, au plastiki imelainika, tupa ekstensheni hiyo, wala usiizungushie selotepu. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kilekile, kamwe si kipande cha waya au karatasi ya sigara. Waya usipitishwe chini ya godoro au zulia, wala usitumike ukiwa umeviringwa, kwani joto hukosa pa kutokea.

Yapo mazoea ninayotamani yakome kabisa: kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ni la ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na pini yake ndiyo inayofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini, vilivyowekwa ili mtoto asiingize msumari. Isitoshe, pini nyembamba hazishiki vizuri, hupiga cheche. Tumia adapta inayofaa.

Moto ukizuka, zima swichi kuu, usimwage maji, toka nje na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Na kama kinachopata moto ni soketi ya ukutani, mwambie mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na soketi hiyo isitumike mpaka ifunguliwe, nyaya zikazwe au ibadilishwe.