Kampeni Zikianza, Nyumba Isivunjike: Maelekezo ya Mchungaji wa Nakuru

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na waumini wangu wameshaanza kupimana kwa macho. Mimi ni mchungaji hapa Nakuru. Kwetu ni Ol Kalou, mke wangu ni wa Kericho. Watoto wetu wana shosho, bibi wa Kikikuyu, upande mmoja na kogo, bibi wa Kikalenjin, upande wa pili. Mwaka 2007 bibi hao wawili walikuwa kambi mbili za kisiasa, 2013 wakajikuta kambi moja bila yeyote kuwauliza, na sasa tena sijui niwapange vipi mezani.

Wachungaji wengi hushauri siasa isiingie nyumbani kabisa. Sikubaliani nao. Siasa iliyofukuzwa mezani huhamia jikoni na kwenye simu, na huko haina mtu wa kuisahihisha. Iruhusuni iingie, ila ipeni masharti.

Mezani

Sharti la kwanza kwetu: hakuna anayeulizwa kujibu kwa niaba ya kabila lake. Mke wangu anaweza kuulizwa anaonaje bei ya mbolea. Hawezi kuulizwa watu wa kwao wanataka nini, kwa kuwa hawakumtuma. Mtoto akiteleza hatumgombezi, tunamwambia aliulize swali lake upya. Mara nyingi linarudi likiwa swali zuri.

La pili, anzeni chini. Mkenya hupewa karatasi sita za kura: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Familia hugombana juu ya karatasi moja na kuzisahau tano. Chukua kalenda ya mwaka jana, igeuze nyuma, chora safu sita. Kila mtu ataje kero moja, wengine watafute ni ya nani. Binti yetu mdogo alisema maji ya bomba hukatika, akataka kuyaandika kwa rais. Kaka yake akamzuia: maji yaligatuliwa, peleka kwa gavana. Zahanati isiyo na dawa, gavana. Chekechea, gavana tena. Darasa la shule ya msingi lililopasuka ukuta likaenda kwa mbunge, maana madarasa mengi hujengwa kwa pesa za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Taa za mtaa zikazua ubishi mkali, tukakubaliana ni gavana lakini MCA ndiye wa kumsukuma. Kufika safu ya rais, chai ilikuwa imepoa na watu wanapiga miayo. Hapo mmefaulu.

La tatu, kura ni siri hata kwa mwenzi wa ndoa. Sijui mke wangu alimpigia nani 2022, na sijamuuliza. Mume mmoja aliwahi kuniomba nimwombee mkewe apige kura vizuri. Nilimwombea apate foleni fupi.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mimi sibishani. Ujumbe wa sauti usio na jina la msemaji, hasa ule wa lugha ya mama unaotisha, nauacha ufie kwangu, kisha nampigia simu aliyeutuma. Namuuliza habari za ng'ombe kwanza.

Vijana

Hapa ndipo wazazi wengi hunijia. Juni 2024, vijana walipotoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, kijana wetu alitaka kwenda. Akina baba kanisani walitaka niwasomee watoto Warumi 13, inayoagiza kutii mamlaka, kutoka mimbarini. Nilikataa. Warumi 13 si kiboko. Paulo aliyeyaandika hayo ndiye aliyekataa kutoka kimyakimya katika gereza la Filipi, akataka wakuu waliompiga bila hukumu waje wenyewe wamtoe (Matendo 16). Ndiye pia aliyekata rufani kwa Kaisari alipoona hatatendewa haki (Matendo 25). Alitii mamlaka, na alijua haki zake za uraia.

Kwa hiyo ukimkalisha kijana wako, fungua Biblia na Katiba pamoja. Ibara ya 37 inampa mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Isome naye mpaka mwisho, hasa hayo maneno ya amani na silaha. Halafu uliza mambo ya mzazi: unaenda na nani, mtakutana wapi wakitawanyika, nambari ya simu yangu umeiandika mkononi au iko ndani ya simu itakayozimika? Useme waziwazi hofu yako. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakapigwa risasi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia mswada saini. Kijana anayaona yote mawili, nguvu ya kutoka na gharama yake, na ukimficha moja hatakuamini hata kwa lile lingine. Ukimkataza, mkataze kama mzazi mwenye hofu. Usimsingizie Mungu.

Mheshimiwa akija ibadani

Kwa wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa: amueni kabla ya Jumapili, kwa maandishi, wazee wote watie sahihi. Sisi si Waanglikana, lakini Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipotangaza Septemba 2021 huko Butere kwamba wanasiasa hawatahutubu tena madhabahuni, wazee wetu walipata ujasiri. Utaratibu wetu ni mfupi. Msaidizi wake akipiga simu, anaambiwa mheshimiwa anakaribishwa sana, atakaa na waumini, atatambulishwa pamoja na wageni wengine na kusimama, na hatapewa kipaza sauti. Sadaka yake inaingia kapuni, bila kutangazwa. Bahasha ikiletwa ofisini baada ya ibada, mweka hazina anairudisha siku hiyohiyo mbele ya mzee mwingine, na wanaandika.

Jiandaeni, kwa sababu inauma. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliagiza mchango wa Rais kwa kanisa la Soweto urudishwe, na nchi nzima ikajadili. Ninyi mtarudisha kidogo zaidi na hakuna atakayewapongeza. Paa la jengo letu la Sunday school lilikaa muda mrefu bila mabati, na akina mama walinikumbusha kila mvua iliponyesha. Mke wangu ndiye aliyewajibu: mabati ya kampeni yanakuja na mwenye kuyahesabu.

Waombee viongozi kwa majina, hata yule usiyempigia kura. Paulo anamwambia Timotheo dua zifanywe kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, na wafalme wa siku zake hawakuwa rafiki zake. Ukiona jina la mmoja linakutoka kwa shida, anza na hilo.

Siku za kusubiri

Hatari ya nyumba na mtaa huja kura zikishapigwa. Sisi wa Bonde la Ufa hatulisemi hili kwa nadharia. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Kabla mwezi huo haujaisha ghasia zilifika Nakuru, na uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya waliofukuzwa. Ndiyo maana wazee wetu hupangwa wawili wawili, wa jamii tofauti, na kila jozi hupewa mtaa wake. Wanabisha hodi wakiwa pamoja, siku ya kura na kila siku mpaka matokeo yatoke. Nyumbani fanya hivyohivyo: jirani wa upande mwingine mtembelee wewe kwanza, siku ambayo hakuna mshindi bado. Ukingoja matokeo, ziara yako itaonekana ni ya kucheka au ya kulia.

Waelezeni watoto ratiba mapema, wasidhani kuchelewa ni wizi. Tume ina siku saba kutangaza rais. 2022 tulipiga kura tarehe 9 Agosti, tangazo likatoka tarehe 15. Anayepinga ana siku saba kwenda Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 kuamua. Mwaka 2017 iliufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, tukarudia Oktoba. Fomu 34A, za matokeo ya urais ya kila kituo, huwekwa mtandaoni: kijana mwenye hasira mpe kazi ya kujumlisha za wadi yenu.

Na safari za kwa bibi zipangwe likizo ya Aprili. Sisi Aprili hiyo tutawapeleka watoto kwa kogo Kericho, kisha kwa shosho Ol Kalou. Mwezi wa Agosti matatu hujaa watu wanaorudi makwao kupiga kura, nauli hupanda, na kila anayehamisha watoto majirani huanza kumuuliza anajua nini.