Kahawa chungu ya kijiweni, ila unapika mwenyewe nyumbani

Kama unapenda ile kahawa ya vikombe vidogo ya Mombasa, Tanga au Kariakoo, anza na buni kwanza maana ukikosea hapo hata viungo havitakuokoa. Arabika ya Kilimanjaro ina harufu nzuri na uchachu kidogo, robusta ya Kagera ni nzito na chungu zaidi, mi nachanganya nusu kwa nusu na sibadilishi. Nunua nzima usage mwenyewe, ya kusagwa harufu inakata haraka sana.

Ukipata mbichi kaanga kwenye kikaango kizito, moto wa wastani, koroga usiache kabisaa, zitapasuka kama bisi, zikishakolea hudhurungi epua hapohapo upepete makapi zipoe. Ukingoja ziwe nyeusi tii utapata ladha ya kuungua tu.

Sasa maji lita 1, tangawizi kavu ya kutwanga kijiko cha chai, iliki kama 5 hivi uzipondeponde, chemsha dakika 5 ndo utie kahawa vijiko 4 vya kulia, punguza moto, ikifura epua irudishe tena, fanya hivyo mara 3 halafu iache itulie mashapo yashuke chini. Kama una dele, kile chombo cha kupikia kahawa, safi sana, kama huna birika linatosha. Sukari usitie jamani, tafuna kashata au tende pembeni.

Ikibaki tumia badala ya maji kwenye keki ya chokoleti, rangi inakolea na chokoleti yenyewe inasikika zaidi.