SOMO: Herufi kubwa kwenye Kiingereza, msiniulize tena

Wakuu, nachapa barua za maombi ya kazi steshenari, Kirumba. Swali ni lile lile kutwa: "Hapa kubwa au ndogo?" Naandika leo, kesho ukiniuliza nakutumia huku.

1. Neno la kwanza la sentensi: kubwa.

2. "I" ya mimi: kubwa popote ilipo. Ile ndogo ya kwenye meseji ibaki kwenye meseji.

3. Siku na miezi: kubwa. Majira, kama "summer", ndogo.

4. Lugha na mataifa: kubwa. Ndiyo maana "I passed English and history" ni sahihi.

5. Hapa ndipo mnapoumia. Jina la kitu kimoja mahususi linapata kubwa, jina la aina ya kitu halipati. "Lake Victoria" zote mbili kubwa, kwa sababu "Lake" ni sehemu ya jina. Ukiendelea "we live near the lake", ndogo, hata kama ziwa ni hilo hilo unaloliona dirishani. Heshima nayo haihusiki, na hapo ndipo wazee wananibishia: "President Nyerere", cheo kimeshikana na jina, kubwa, "Nyerere was the first president of Tanzania", ndogo. Juzi kijana kaleta "I am a hardworking Driver with a valid Licence and good Experience". Kila neno aliloliona la maana kalipandisha cheo! Tukayashusha yote, ikabaki "I" peke yake.

Angalizo: simu hupandisha herufi baada ya nukta yoyote, hata ya kifupisho. Isomeni barua kabla ya kuituma.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu, kwa hiyo "driver" kubwa au ndogo?

— Soma namba 5.

Mdau wa Igoma: Nimesoma, ila mimi ni dereva kweli, leseni ninayo.

— Hongera. Ndogo.

Binti Ukerewe: Kaka, nauza sangara. Naona wanaandika "Nile perch", N kubwa, p ndogo. Wamekosea?

— Hapana dada, na umeangalia vizuri. Nile ni jina la mto, kubwa yake haiondoki. "Perch" ni aina ya samaki. Sato naye ni "Nile tilapia". Ila jina la kisayansi la sangara ni Lates niloticus: neno la pili huwa dogo daima, japo limetokana na huo huo Nile. Yaandike kwa herufi za mlazo.

Binti Ukerewe: Asante kaka. Na "north"?

— "Ukerewe is north of Mwanza", ndogo, ni uelekeo tu. "South Africa", kubwa, ni jina la nchi.

Fundi Nyakato: Nyongeza. Ukishachapa aya nzima kwa herufi kubwa usifute. Iwekee kivuli, bonyeza Shift na F3.

— Hii safi. Lakini ni ya Word. Kwenye Excel vitufe hivyo vinafungua dirisha la fomula, msije mkanipigia.